Sungusungu, kampuni, taa au kamera: mtaa wenye fedha kidogo uanze wapi?

Mama Zai hutoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri kuwahi sokoni Mabibo. Fedha ya mtaji iko kwenye kibindo, simu kaiacha kwa mwanawe, mkononi ana ndoo tupu, na ndani ya ndoo kuna kisu ambacho yeye husema ni cha vitunguu. Kutoka mlangoni kwake hadi barabara kuu, kituo cha Korogwe hapa Kimara, ni mwendo wa dakika saba. Dakika tano kati ya hizo hana neno nazo. Mbili zilizobaki ni za kupita kando ya pagale, pale njia inapobanwa na ukuta huku na korongo kule. Hapo ndipo alipopigwa roba mwaka jana. Waliondoka na shilingi 70,000 na kanga ambayo hata hajaifua mara moja.

Namtaja yeye kwanza kwa sababu mwaka huu eneo letu lilikaa vikao vitatu kuchagua aina ya ulinzi, na Mama Zai hakuwepo hata kimoja. Vikao viliitishwa Jumapili saa kumi jioni, muda ambao yeye anaosha masufuria. Waliokuwepo walikuwa wenye nyumba, wengi wao wenye mageti, na tulichozungumza kwa vikao vyote vitatu kilikuwa mageti.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Baada ya kikao cha tatu nilipewa kazi ya kuuliza bei na kuleta ulinganisho. Huu ndio, nikiongeza mambo ambayo kikaoni sikupata nafasi ya kuyasema.

Kila njia niliiuliza maswali mawili kabla ya bei. La kwanza: mtu anayepita kwa miguu alfajiri au saa nne usiku anapata nini hapa? La pili: akikamatwa mtu, nini kinamfuata? Ukiuliza bei kwanza utajikuta unanunua kitu kizuri kwa ajili ya mtu mwingine.

Ulinzi shirikishi

Wengi bado tunauita sungusungu, ingawa sungusungu wenyewe walianzia mbali na huku, Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakipambana na wezi wa ng'ombe. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa na kuwapa mamlaka ya kukamata yanayofanana na ya mgambo. Kisha, alipoingia Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema mwaka 2006, Jeshi la Polisi likaanza kuhimiza polisi jamii, na jina la ulinzi shirikishi likazoeleka mjini. Vijana wa mtaa wanapewa filimbi, tochi na virungu, kaya zinachangia, na kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa inasimamia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Eneo lina kaya kama 140. Mchango ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Wanaolipa kweli, baada ya kuzungushana na visingizio, ni kaya 90. Hiyo ni shilingi 270,000, sawa na 9,000 kwa usiku mmoja. Walinzi watatu, kila mmoja 3,000. Sasa wewe mwambie mtu akeshe usiku kucha kwa shilingi 3,000, halafu ushangae kusikia amemwomba mlevi "ya chai" ili amwache apite.

Sifa kubwa ya ulinzi huu ni kwamba vijana wanatujua. Wanajua gari la nani huchelewa, mbwa wa nani hubweka bure, nani kahamia juzi. Wanatembea, hawakai. Kwa mpita njia hakuna ulinzi unaomkaribia zaidi ya huu, ikiwa wapo muda anaopita. Na hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonichekesha na kunikera. Doria yetu ilikuwa inaanza saa tano usiku na kuisha saa kumi alfajiri, kwa sababu vijana wengi asubuhi wana vibarua vyao. Yaani walinzi wanakwenda kulala nusu saa kabla Mama Zai hajafungua mlango. Tulikuwa tunalipia saa ambazo njia ina paka tu.

Kwenye swali la pili nitakawia kidogo.

Mwezi wa tano, saa tisa usiku, walinzi wetu walimsimamisha kijana mwenye begi mgongoni. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na siku hiyo umeme ulikatika, zamu ikavunjwa mapema. Wakamuuliza anatoka wapi, na kabla hajamaliza kujibu alikuwa chini. Jirani mmoja akaamshwa na vurugu, akapiga yowe la mwizi bila hata kuchungulia, na madirisha matano yakawaka. Nilipofika na kanga yangu na tochi ya simu, begi lilikuwa limemwagwa: sare yenye unga, chupa ya maji, mikate miwili iliyopondeka. Mtu mmoja alikuwa tayari ameokota tofali. Kilichomwokoa ni bibi mmoja aliyeitambua sauti yake akiwa dirishani: "Jamani, huyo si mpangaji wa Mzee Kondo? Mwacheni mtoto wa watu!" Alikuwa amepanga nyumba ya nne kutoka kwangu, kwa miezi minane. Asubuhi walimpelekea soda na pole. Jino halikurudi.

Sheria iko wazi. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kuwa na begi saa tisa usiku si kosa. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kumhukumu mtu, mjumbe hana, na kundi la watu waliotoka na taulo ndiyo kabisa halina. Wakimuua, hayo ni mauaji kama mauaji mengine. Na anayedhani kichapo kinatuliza mji akumbuke Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015. Vijana wa Panya Road, kundi la vibaka wa Dar, waliokuwa wanatoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi, ndio walioanzisha vurugu zilizofanya watu wa Dar wafunge maduka na kukimbia hovyo jioni ile.

Kwa hiyo ulinzi shirikishi nauchagua, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe hayana gharama. Kuwe na daftari la doria: majina ya walioingia lindoni, saa, aliyesimamishwa, kilichofuata. Kila mlinzi awe na kizibao chenye namba inayosomeka. Majina yao yafike kituo cha polisi na kwa mkaguzi wa kata. Anayekamatwa anapelekwa kituoni usiku huohuo, hafungiwi kwenye banda la mtu. Na wapangaji wapya watambulishwe, maana mtaa wa Dar unabadilisha watu kila mwezi kodi inapoisha. Kamati inayokataa daftari usiipe hata mia.

Kampuni ya ulinzi

Niliuliza kampuni mbili. Moja ilitaka shilingi 550,000 kwa mlinzi mmoja wa usiku kwa mwezi, nyingine 480,000. Chukua walinzi wawili kwa wastani wa laki tano: milioni moja. Ukigawa kwa kaya zile 90 ni kama 11,000 kila moja, na kwa uzoefu wetu siku utakayotangaza 11,000, kaya 90 zitakuwa 30.

Unachopata ni mkataba, na mkataba ni kitu. Mlinzi asipokuja analetwa mwingine. Akifanya kosa kuna ofisi ya kulalamikia. Ana sare, ana msimamizi anayepita usiku, na akimkamata mtu kwa kawaida hupiga simu badala ya kupiga watu. Kwenye swali la pili kampuni inashinda wazi.

Kwenye swali la kwanza inaanguka. Afisa masoko alikuja na tai na faili, kijana mstaarabu sana, tukamtembeza hadi pagaleni. Nikamuuliza mlinzi wake atafanya nini hapa alfajiri. Akatabasamu: "Mama, sisi tunalinda lindo, hatulindi njia." Nilimpenda kwa kusema kweli. Lindo ni geti, duka, ghala, shule. Mtu akikabwa hatua hamsini kutoka kwenye lindo, mlinzi haruhusiwi kuliacha.

Ukiwa na duka la jumla, wakala wa fedha au shule, chukua kampuni na usihangaike na mengine. Soma tu kipengele cha fidia: wengi huahidi kulipa kilichoibiwa, kisha kwenye maandishi madogo wanataka vitu viwe vimeorodheshwa na kukabidhiwa kwa mlinzi kila jioni. Uliza pia mlinzi mwenyewe anafikishiwa kiasi gani kati ya hizo laki tano. Wa kwanza niliyemuuliza pembeni alicheka tu, akaangalia viatu vyake. Na usivutiwe na habari ya mlinzi mwenye bunduki kwenye makazi. Silaha zina sheria yake ya mwaka 2015 na utaratibu wake wa leseni, na risasi kwenye kichochoro haijui mwizi na mpangaji.

Mlinzi wa kuchangia

Huyu ndiye kila mtu Dar anamjua: nyumba tano zinamchangia mtu mmoja, mara nyingi Mmasai mwenye rungu na sime, analala kwenye kibanda cha bati. Majirani zangu wanalipa shilingi 180,000 kwa mwezi, 36,000 kila nyumba. Kwa hizo nyumba tano ni rahisi kuliko kampuni, na kwa watu wa nje ya nyumba hizo ni sawa na hayupo.

Kuna jambo ambalo wenye mageti hawapendi kulisikia. Saa 12 kwa usiku, usiku saba, ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na siku ya mapumziko. Mtu mmoja hawezi kulinda usiku wote wa mwezi kihalali, na hata sheria ikikaa kimya, usingizi hautakaa kimya. Mlinzi wao ikifika saa nane usiku amelala. Simlaumu. Mchana anaosha magari.

Taa

Kikaoni taa zilipewa dakika mbili, mwishoni, watu wakiwa wameshasimama. Ndizo ningezianza nazo.

Kibaka wa njiani anahitaji vitu vitatu: kukuona kabla hujamwona, sekunde kadhaa za kuwa peke yenu, na njia ya kupotelea. Taa inaharibu cha kwanza na inapunguza cha pili. Mwaka 2016 jiji la New York lilipeleka minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa kama theluthi moja ukilinganisha na makazi yasiyopata taa. Huko si Kimara, najua, hawana pagale wala korongo. Lakini giza ni giza.

Njia yetu ina nyumba 11 hadi barabarani. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku inatumia uniti 3 na kidogo kwa mwezi. Kwa uniti ya shilingi 356, hiyo ni kama shilingi 1,150 kwa mwezi kwa nyumba, na walio kwenye daraja la matumizi madogo wanalipa pungufu zaidi. Nyumba 11 zote kwa pamoja hazifikishi 13,000. Ukilinganisha na milioni moja ya kampuni, unaona aibu kidogo kwa vikao vitatu.

Tatizo la taa si fedha, ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya wapangaji sita yenye mita moja ina vita yake ya kila wiki: nani ana friji, nani anapiga pasi, nani ana hita ya kuoga. Ukiongeza taa ya nje, swali ni uniti za nani. Sisi tulilimaliza kwa kugawa: 1,150 kwa watu sita ni chini ya 200 kila mmoja, ikaingizwa kwenye kodi na mwenye nyumba. Nyumba mbili bado zinabishana. Moja ya hizo mbili ina geti la rimoti.

Namna ya kuifunga ina maana kuliko wati zake. Taa imulike chini, njiani, uso wa mpita njia uonekane. Ile taa kali ya geti inayokupiga machoni ni mbaya kuliko giza, maana inakupofusha wewe na kumficha aliyesimama nyuma yake. Na usiruke sehemu: mita kumi za giza kati ya taa mbili kali ndizo mahali pazuri pa kumsubiri mtu.

Pasipo nyumba tuliweka sola, mbili: pagaleni na korongoni. Kariakoo utaonyeshwa taa imeandikwa wati 300, na bei yake inakuambia kwamba hiyo 300 ni ya kupamba boksi. Inyanyue kwa mkono. Betri ina uzito. Taa nyepesi kama karatasi itazima saa sita usiku. Huku kwetu kusini mwa ikweta paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, na ujue kwamba wakati wa masika, Machi hadi Mei, itachoka mapema. Yetu ya kwanza iliibwa siku ya tisa. Ya pili fundi aliifunga juu sana, akachomelea, na akapaka grisi kwenye nguzo. Grisi ilikuwa wazo la watoto.

Umeme ukikatika taa za nyumba zinakufa, na tulioishi Dar kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 hatuhitaji kuelezwa. Hiyo ndiyo sababu zile za sola zisimame kwenye sehemu mbaya zaidi.

Na swali la pili? Taa haimkamati mtu, haimpigi mtu, haimfananishi mpangaji na mwizi. Kama taa zingekuwepo mwezi wa tano, yule kijana wa mikate angeonekana sura.

Kijiwe

Hiki hakikuwa kwenye ajenda, kilijileta chenyewe. Taa ya pagaleni ilipowaka, muuza chipsi aliyekuwa kona ya juu akahamia chini yake, kwa sababu ataokoa betri ya taa yake. Wiki mbili baadaye bodaboda wanne wakamfuata chipsi. Sasa mahali palipokuwa pa kukabia watu pana benchi, karai la mafuta, redio ya mpira na mabishano ya Simba na Yanga hadi saa tano usiku.

Wapo wanaosema kijiwe chenyewe ni hatari, na si kila wakati wanakosea. Wasichana wanapita hapo wakiitwa "sista, sista" hadi wanaongeza mwendo, na kwa binti wa kidato cha tatu kuitwaitwa na wanaume wazima ni tishio, si utani. Tulichofanya ni kuzungumza na mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima mwenye binti, tena mbele ya wenzake. Akasema: "Dada, anayesumbua watoto hapa nitamwondoa kwenye foleni wiki nzima." Kwa bodaboda, kuondolewa kwenye foleni ni njaa. Imepungua, haijaisha. Kijiwe kisicho na kiongozi anayejulikana na vizibao vyenye namba, mimi nisingekipa kona yoyote.

Kamera, na kundi la WhatsApp

Kwa haraka. Kamera hukuonyesha jana. Tulikuwa na picha safi kabisa ya mtu mwenye kofia na kapelo juu ya kofia. Inafaa kwa gari lililoegeshwa na duka lenye mlango mmoja; njiani ni mapambo. Na ikimulika nje ya ukuta wako unakusanya taarifa za watu: ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inakuhusu.

Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kitu kimoja: "natoka kituoni sasa, nani yuko njiani?" Kwa mengine ni kiwanda cha hofu. Sauti isiyo na mwenyewe inayosema "wameshaingia Mbezi, wanakuja huku" ikisambazwa mara tatu, watu wanatoka na mapanga. Weka kanuni: hakuna kurusha picha ya mtu na kumwita mwizi, na tukio la kweli lina saa, mahali na aliyeliona. Dharura inapigwa 112, haiandikwi kwenye kundi.

Kwa pamoja, kwa bei za kwetu

| Njia | Shilingi kwa kaya kwa mwezi | Mpita njia wa alfajiri | Akikamatwa mtu |
|---|---|---|---|
| Ulinzi shirikishi | 3,000 | Ndiyo, saa zikibadilishwa | Hatari bila daftari |
| Kampuni | 11,000 na kupanda | Hapana | Nafuu |
| Mlinzi wa kuchangia | 36,000 kila nyumba, zikiwa tano | Hapana | Inategemea mtu |
| Taa | 1,150 kwa nyumba, mbali na vifaa | Ndiyo | Halipo |
| Kijiwe | Bure | Jioni tu | Inategemea kiongozi |
| Kamera | Nunua mwenyewe | Hapana | Ushahidi, pengine |

Mtaa wa mageti na magari, watu wasiotembea kwa miguu: kampuni, na mlipe vizuri. Mtaa wa wapangaji na wachuuzi, kama wetu na kama sehemu kubwa ya Manzese, Buguruni au Mbagala: taa kwanza, kisha doria yenye daftari. Doria yetu tumeikata vipande viwili, saa tatu hadi saa sita usiku, na saa kumi hadi kumi na mbili asubuhi. Fedha ni zilezile. Saa za paka tumewaachia paka. Vijana wawili waliacha kwa sababu ya vibarua, tukapata mzee mstaafu ambaye anasema hata hivyo huamka saa tisa.

Kama huna uwezo wa kubadilisha chochote mtaani kwako, basi badilisha kituo unachoshukia au subiri wa kuongozana naye, na ukikabwa toa simu. Kituo cha polisi watakupa PF3 ya kwenda nayo hospitali, na fomu hiyo hailipiwi.

Hakuna hata kimoja kwenye jedwali kinachoingia chumbani. Walinzi wetu walikuwa wakisikia kipigo ndani ya nyumba wanasema "hiyo ya ndani" na kupita, wakati huohuo wakimlaza chini kijana mwenye begi. Sasa kwenye daftari kuna safu yake: wanagonga, wanaita jina la mwenye nyumba, wanasubiri hadi mlango ufunguke. Asubuhi mwanamke wa kwenye kamati anakwenda kumwona mwenzake bila mume kuwepo na kumweleza habari za Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kwa mtoto, simu 116 haina gharama. Kwa aliyebakwa, hospitali ni kabla ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU haziwezi kusubiri zaidi ya hapo; na asioge kwanza, ingawa ndicho kitu cha kwanza atakachotaka.

Mwenye pagale alipatikana Mwanza, kwa msaada wa mtendaji. Kwenye simu alikuwa mkali, akidhani tunataka kiwanja. Alipoelewa akaruhusu tuzibe milango na madirisha, na akatuma fedha ya mifuko miwili ya saruji. Fundi amebakiza dirisha moja la nyuma.

Kikao kijacho ni Jumatano saa mbili usiku, Mama Zai akiwa ameshamaliza masufuria. Amesema atakuja na ana jambo moja tu: taa ya korongoni, ambayo hii ni wiki ya pili haiwaki.